Beetle ya zamani na Beetle mpya: yanayosemwa na yalivyo

Egesha Volkswagen Beetle ya zamani mahali penye wazee, hutakosa wa kukwambia, "Gari hili halichemshi, halina maji." Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayonokisha injini.

Kweli, rejeta haina. Silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na feni inazipulizia upepo. Ila upepo haufanyi kazi hiyo peke yake. Oili nayo inapoza, na oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu, bila filta, ina chujio la wavu basi. Feni inazungushwa na mkanda uleule wa dainamo. Kwenye magari mengi taa nyekundu ya chaji ikiwaka unawazia betri. Kwenye Beetle huenda mkanda umekatika na upepo umekwisha, kwa hiyo unasimama papo hapo, hata kama nyumbani unapaona. Halafu kuna ile mipira inayoziba pembezoni mwa injini. Wapo mafundi wanaoing'oa wakidhani ni ya kuzuia vumbi. Ikishatoka, hewa ya moto inapanda kutoka chini, feni inaivuta tena, na gari linajipoza kwa joto lake lenyewe.

Silinda ya tatu ndiyo mnyonge. Kwa miaka mingi kipoza oili kilikaa kwenye njia ya upepo wake, ikawa inapata moto kuliko wenzake na valvu yake ya ekzosi ndiyo ya kwanza kuungua. Kipoza kilikuja kusogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anayelijua gari hili hurekebisha valvu kila kilomita 5,000 hivi, asubuhi, injini haijawashwa kabisa. Anajiingiza chini ya bampa ya nyuma, anabandua kwa bisibisi waya unaobana kifuniko cha valvu, matone ya oili yanamchuruzikia mkononi, kisha anapitisha geji ya milimita 0.15 kwenye mwanya wa valvu. Inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo tu. Ikipita kama kisu kwenye siagi, bado.

Wengine wanavuka hadi ng'ambo ya pili: eti injini ya upepo haiwezi nchi za joto. Hao wakumbushwe kwamba mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally akiendesha Beetle, na haikuwa mara ya kwanza kwa gari hilo kuibuka kidedea katika mashindano hayo.

"Mpya ni ileile, wamebadilisha bodi." Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na limepinduliwa miguu juu. Kilichorithiwa ni umbo. Wabunifu wa magari J Mays na Freeman Thomas walilichora upya California, gari la maonyesho likaonekana Detroit mwaka 1994, na New Beetle yenyewe ikaingia sokoni mwaka 1998. Chini ya umbo hilo kuna Golf, gari jingine la Volkswagen, ya kizazi cha nne: injini iko mbele, imekaa kwa upana, inapozwa kwa maji na inavuta matairi ya mbele. Aliyezoea ya zamani akifungua nyuma kutafuta injini, atakuta begi la nguo. Hata kile kijichombo cha ua kwenye dashibodi, ambacho enzi zile ulijinunulia mwenyewe kama pambo, safari hii kilitoka nacho kiwandani.

Tofauti inayouma mfukoni ni mkanda usioonekana. Ya zamani haina mkanda wa taimingi, ule unaooanisha valvu na pistoni. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, inazungushwa na gia. Mpya nyingi zinao, umefichwa ndani ya kifuniko, na kwa injini nyingi ukikatika pistoni zinagonga valvu. Anayenunua ya mtumba aulize kwanza ulibadilishwa lini. Rangi ataiona mwenyewe.

Na uzito? Watu huapa kwamba ya zamani ni chuma kizito, hivyo ndiyo salama kwenye ajali. Ina takriban kilo 800. Mpya inapita 1,200. Isitoshe, tangi la petroli la ya zamani liko mbele, karibu kabisa na miguu ya abiria, wakati mpya ina mifuko ya hewa na pua iliyotengenezwa ili ibonyee. Hapa sina mjadala na mtu.

Si kweli pia kwamba moja ilikufa ndipo nyingine ikazaliwa. Ujerumani iliacha kuunda ya zamani ya kawaida, yenye paa la chuma, mwaka 1978, lakini kiwanda cha Puebla, Mexico, kiliendelea nayo hadi Julai 2003, zikiwa zimefika dunia nzima zaidi ya milioni 21.5. Kwa miaka mitano na ushee, bibi na mjukuu walitoka geti moja. Mrithi wa mjukuu huyo, Beetle iliyofuata New Beetle, naye alikomea hapohapo Puebla, Julai 2019.

Mwisho ni lile la "mpya haitengenezeki." Inatengenezeka, ila fundi awe na kompyuta ya kuisoma, na aliyezoea Golf hapotei. Ya zamani haitaki kompyuta. Injini yake imeshikwa kwenye giaboksi na bolti nne, na watu wawili wenye jeki wanaishusha kabla chai haijapoa.