Farasi wa mbio na umbea wa Pwani: dhana potofu na ukweli kuhusu thorobredi

Ukitaja thorobredi, farasi wa ukoo wa mbio, mbele ya watu wanaopanda farasi huku Mombasa, sifa zake hufika kabla yake: kichaa, mwoga, mkondefu, ghali. Kisha utaonyeshwa farasi mnene mwenye mgongo mpana, ukae ustarehe. Nami ni mtu wa farasi wanene kwa asili. Nilijifunza kupanda Uingereza, juu ya kobu, yule farasi mfupi wa huko na Ireland mwenye shingo nene, miguu mifupi na manyoya yanayofunika kwato. Niliporudi nyumbani nikawa natafuta machotara wa umbo hilohilo. Thorobredi nilimpanda kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mwingine. Sasa ndiye ninayemwulizia kwanza, na kila nikimwulizia nasikia yaleyale.

"Ana damu moto"

Joto la mwili wa farasi mzima mwenye afya, akiwa ametulia, ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, awe kobu au thorobredi. Hiyo "damu moto" ni lugha ya wafugaji wa Ulaya ya kuwapanga farasi kwa asili yao: wa Kiarabu na jamaa zao upande huu, wakokota mizigo upande ule. Thorobredi yuko kundi la kwanza kwa nasaba, na nasaba yake imeandikwa. Kitabu chao cha ukoo kilitolewa Uingereza kwa mara ya kwanza 1791, na ukifuata mababa wa thorobredi yeyote aliyesajiliwa utafika kwa mmoja wa madume watatu waliotoka Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian au Godolphin Arabian. Darley alinunuliwa Aleppo, nchi ya Shamu, 1704, na takriban asilimia 95 ya madume wa leo ni wa mstari wake. Kwetu Mji wa Kale, ambako mtu huweza kukutajia babu zake mpaka Hadhramaut, farasi wa namna hii hahitaji kuelezwa sana.

"Kichaa, haambiliki"

Hapa ndipo penye maneno mengi, basi tukae kidogo.

Thorobredi mstaafu anayeletwa Pwani kutoka Nairobi, ambako uwanja wa mbio uko Barabara ya Ngong, haji mjinga. Amesomeshwa sana, ila masomo yake ni mengine. Joki, yule mpandaji wa mbio, hurushwa mgongoni huku farasi anatembea, kwa hiyo kusimama kimya ukipanda juu ya ngazi hakujui. Joki huweka vikuku vya kukanyagia vifupi, magoti juu. Wewe waja na miguu mirefu inayomgusa ubavuni, na kila mguso kwake ni habari mpya. Kubwa kuliko yote ni hatamu. Kwenye mbio joki hukaza hatamu, farasi akaegemea lijamu, chuma cha mdomoni, akapata mizani, kisha akaongeza mwendo. Sasa mpandaji mgeni anaogopa na kuvuta. Farasi anasikia amri aliyoizoea, anakwenda. Mpandaji anavuta zaidi, farasi anapiga shoti, na walioketi ufukweni wanapata hadithi ya jioni.

Saisi, yaani mtunza farasi, mmoja mzee, aliyefanya kazi kwenye mabanda ya mbio huko bara kabla ya kurudi Kisauni, aliniona nikivutana hivyo Bamburi akanipigia kelele.

"Mwanangu, mwachie! Wamwambia akimbie, kisha wamlaumu akikimbia?"

"Nikimwachia, baba, si ndiyo ataondoka kabisa?"

"Mlegezee kidogo, mshike kidogo. Usimng'ang'anie. Kaa chini utoe pumzi."

Kutoa pumzi ndiko kulikofanya kazi. Mgongo wa thorobredi ni mwembamba na ngozi yake ni nyepesi. Ukishusha pumzi, uzito wako hushuka na yeye huusikia. Kobu niliowazoea walikuwa wakinisamehe kelele zote za mwili wangu, mguu unaopigapiga, mkono usiotulia, kwa sababu nyingi hazikuwafikia. Huyu zinamfikia zote. Mwanzo inachosha. Baadaye unagundua kwamba unaweza kumgeuza kwa kuangalia tu unakotaka kwenda, kwa sababu ukigeuza kichwa nyonga nazo hugeuka kidogo, na hapo kurudi kwa farasi wa kusukumwa kwa visigino inakuwa kazi.

Kisha kuna chakula. Farasi wa mbio hulishwa nafaka nyingi na hufungiwa bandani saa nyingi. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, ale asile. Asipokuwa na majani ya kutafuna, asidi hiyo huchoma ukuta wa tumbo, na vidonda vya tumbo ni maradhi ya kawaida mno kwa farasi walio kwenye mazoezi ya mbio. Anayetaka kuuma ukimkaza mkanda wa tandiko huenda anaumwa tu, wala hana tabia mbaya. Daktari wa mifugo amwangalie, nafaka ipunguzwe, majani makavu yawepo wakati wote, atoke nje na wenzake. Wape miezi. Wengi wanaoitwa vichaa ni wagonjwa, au wana njaa ya majani na shibe ya nafaka.

Kushtuka anashtuka, hilo silifichi. Mfuko ukipeperushwa na kusi, au ngamia wa watalii akitokea ghafla nyuma ya vibanda, ataruka pembeni na wewe ubaki na ya kusema. Mpeleke na mwenzake aliyezoea ufukwe, umwache atazame.

"Joto la Mombasa litamwua, afadhali mnene"

Kinyume chake. Mwili mwembamba una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo hutoa joto upesi. Mwili mnene wenye mafuta na manyoya mazito hulifungia ndani. Kobu wa manyoya miguuni akiletwa kwenye unyevu wa Pwani, chini ya manyoya yale huota magonjwa ya ngozi, na watu huishia kuyanyoa.

Shida ya hapa ni unyevu, na hiyo humgusa kila farasi. Farasi hupoa kwa jasho, na jasho lisipokauka halipoozi. Wapo wanaoacha kabisa kutoka jasho wakikaa kwenye joto lenye unyevu, thorobredi wakiwamo: ngozi kavu, pumzi za haraka hata baada ya kupumzika. Huyo si wa kulazimishwa kazi, ni wa daktari. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, mimi hupanda baada ya swala ya alfajiri na kumaliza kabla jua halijapanda. Na ile hofu kwamba maji baridi yatamkamata misuli farasi mwenye joto ni uzushi. Maandalizi ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, mji wa joto na unyevu vilevile, yalisukuma utafiti mwingi juu ya jambo hili, na matokeo yake ni kwamba umwagie maji baridi mwili mzima, umwagie tena, usiache mpaka pumzi zitulie. Mpe na chumvi, maana jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu.

"Miguu yake ni vijiti"

Nusu kweli. Chini ya goti la farasi hakuna misuli yoyote, ni mifupa, kano na ngozi, na kano za nyuma ya miguu ya mbele ndizo zinazoumia sana kwenye mbio. Aliyewahi kuumia hapo anaweza kuumia tena. Lakini wengi huachishwa mbio kwa sababu ndogo tu: hawana kasi. Kabla ya kununua, miguu ipapaswe na ipigwe picha za ndani.

Kwa sisi wa ufukweni adui ni mchanga. Mchanga mkavu wa juu, unaozamisha kwato, huvuta kano za farasi yeyote. Ule ulioachwa na maji kupwa, mgumu na bado mbichi, ndio wa kukimbilia, ingawa nao ukiwa mgumu mno hugonga viungo. Kwa hiyo jedwali la maji kujaa na kupwa hutawala ratiba yangu kuliko saa, na siku za bamvua, maji yanapopwa mbali kabisa, nafasi huwa kubwa.

"Mtu mnene hawezi kumpanda"

Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba farasi abebe asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, tandiko likiwamo. Thorobredi wa kilo 500 basi hubeba kilo 75 hadi 100. Kobu, kwa kiuno chake kifupi na mfupa mpana, humzidi farasi mwembamba wa kimo chake. Hapo wanene wanashinda, na sina ubishi.

"Akitoka mbioni hana kazi"

Touch of Class alikuwa thorobredi jike, mdogo wa umbo, aliyekimbia mbio kabla ya kufunzwa kuruka. Mwaka 1984 huko Los Angeles alimpa Joe Fargis wa Marekani dhahabu mbili za kuruka vikwazo, ya mtu binafsi na ya timu. Gem Twist, thorobredi mweupe, alipata fedha Seoul 1988. Hapa Kenya, ukipita kwenye shule za kupanda na viwanja vya polo, utakuta damu ya Ngong kila upande, hata pale ambapo mwenye farasi anaapa kwamba hapendi farasi wa mbio.

"Kobu ni salama, huyu ni wa mabingwa"

Kobu ni umbo tu, si kabila la farasi, isipokuwa wachache, kama wale wa Wales, wenye ukoo ulioandikwa. Ndani ya umbo hilo mna wapole na mna wanaoshusha kichwa na kuondoka nawe, na shingo ile nene haivutiki. Tena hunenepa kwa kuyaona majani tu, na kunenepa huleta uvimbe ndani ya kwato unaoweza kumlaza kabisa. Thorobredi huuliza maswali mengi, kobu huuliza machache. Anayeanza leo ningemweka juu ya farasi mtulivu wa umbo lolote, na thorobredi watulivu wapo.

"Ni ghali"

Kumnunua, mara nyingi ni rahisi kuliko chotara aliyefunzwa, kwa kuwa mabanda ya mbio hayataki kulisha asiyekimbia. Kumfuga ndiko kunakouma. Anakula zaidi ya kobu, kwato zake huwa na nyayo nyembamba zinazotaka fundi mzuri, na majani makavu mengi hutoka bara kwa lori. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, ni ya wote, wanene na wembamba, na kwa sababu usubi huuma zaidi magharibi na alfajiri, nyakati hizo hakikisha banda lina wavu.