Visanamu vya Transformers: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Transformers ni roboti za kuchezea na za katuni zinazogeuka kuwa magari na vitu vingine, na kiongozi wao mashuhuri ni Optimus Prime. Kisanamu chake chenye urefu usiofika sentimita 10 hakigeuki kuwa lori. Hakikunjiki, hakina magurudumu ya kuzunguka, na miguu yake imebaki vilevile ilivyotoka kwenye kalibu. Kwa sababu hiyo wengi hukidharau. Wapo wanaokiita feki, na wapo wanaokiona kama zawadi ya bure iliyosahaulika chini ya sanduku. Mimi navipenda visanamu hivi, tena navipenda kuliko roboti kubwa, na naona yanayosemwa juu yake yanawaponza watu: wanatupa vitu adimu, wananunua vya bandia kwa bei ya vile vya asili, na wanaviharibu kwa mikono yao wenyewe wakidhani wanavitunza.

“Kisichogeuka si Transformers halisi”

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli.

Roboti za kwanza za Transformers zilibuniwa na wahandisi waliokuwa na kazi moja ngumu: gari liwe gari kwelikweli, kisha lifunguke liwe roboti. Sura ya roboti ilipatikana kwa kile kilichosalia. Roboti ya kuchezea ya mhusika Ironhide ya mwaka 1984 haina kichwa kabisa. Ukiifungua, nyuma ya kioo cha mbele unakuta kiti kilichobandikwa stika ya uso, basi. Megatron, adui mkuu wa Optimus aliyegeuka kuwa bastola, alibaki na kifyatulio kikining'inia katikati ya mapaja.

Sura kama hizo zisingefaa kwenye televisheni. Wachoraji wa katuni, akiwemo Floro Dery mzaliwa wa Ufilipino, walizichora upya: Ironhide akapata kichwa na uso wa mzee wa vita, Megatron akaondolewa kile kifyatulio. Tangu hapo kukawa na wahusika wa aina mbili wenye jina moja, wa mkononi na wa kwenye televisheni, na kwa miaka mingi hawakufanana.

Kisanamu kisichogeuka hakibanwi na hesabu za bawaba na magurudumu. Aliyekichonga alitazama mchoro wa katuni akaufuata. Ndiyo maana mtu anayetaka kumshika mhusika yuleyule aliyemwona utotoni, mara nyingi atamkuta kwenye kisanamu kidogo kabla ya kumkuta kwenye roboti kubwa ya bei ya juu.

Na ni bidhaa rasmi, haikuanza jana. Mwaka 1987 Hasbro, kampuni ya Marekani inayouza Transformers, ilitia ndani ya pakiti za baadhi ya roboti zake ndogo visanamu vya mpira vya rangi moja vilivyoitwa Decoys. Mwaka 1990 ikaja Action Masters, safu nzima ya wahusika wasiogeuka. Silaha na vyombo vyao ndivyo vilivyogeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Takara ya Japani ikatoa Super Collection Figure, na Hasbro ikauza visanamu vya safu hiyo Marekani kwa jina la Heroes of Cybertron. Baadaye zikafuata Robot Heroes, wenye vichwa vikubwa na miili mifupi, wakiuzwa wawiliwawili. Historia ya namna hii haiwezi kuitwa ya bandia.

“Katuni ilitangulia, vya kuchezea vikafuata”

Ni kinyume chake. Takara ilianza kuuza safu ya vya kuchezea ya Diaclone mwaka 1980, na ile ya Micro Change mwaka 1983. Hasbro ilizichukua roboti za safu hizo mbili, ikazipa jina moja, ikaziingiza sokoni Marekani mwaka 1984. Katuni ilianza kuonyeshwa Septemba mwaka huohuo. Optimus Prime alikuwa tayari yupo Japani kwa jina la Battle Convoy, bila hadithi ya Cybertron, sayari ya roboti hizo, na bila ile sauti nzito ya mwigizaji Peter Cullen. Majina na tabia za wahusika wengi ziliandikwa na Bob Budiansky wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, roboti zenyewe zikiwa zimeshatengenezwa.

Hata kifo cha Optimus katika filamu ya mwaka 1986 kilitokana na biashara: wahusika wa zamani waliondolewa ili wapya wapate nafasi madukani. Watoto walilia, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 akarudishwa katika katuni.

Mpangilio huu una maana kwa mkusanyaji, maana ndio unaoeleza fumbo la tarehe.

“Mwaka uliochapwa chini ya mguu ndio mwaka wa kutengenezwa”

Mwaka huo ni wa hakimiliki. Unahusu ubunifu wenyewe. Kisanamu chenyewe kinaweza kuwa kimetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Roboti iliyouzwa kama Transformers mwaka 1985 inaweza kubeba mwaka wa nyuma zaidi kwa sababu kalibu yake ilitoka Diaclone. Vivyo hivyo, toleo lililorudiwa juzi linaweza kuwa na mwaka wa zamani, na muuzaji asiye mwaminifu akakuonyesha mwaka huo tu.

Kuna alama inayosaidia zaidi. Takara iliungana na Tomy, kampuni nyingine ya Japani ya vya kuchezea, mwaka 2006. Kitu chenye alama ya TOMY kinachonadiwa kuwa Transformers ya miaka ya 1980 hakiwezi kuwa cha miaka hiyo. Ni toleo la baadaye, pengine zuri kabisa, ila halistahili bei ya lile la kwanza.

Hapohapo niseme kuhusu wale wanaosoma “Made in China” wakarudisha kitu rafuni. Visanamu vingi vyenye leseni halali vimetengenezwa China, na vingine vya karibuni Vietnam. Nchi haikwambii kitu. Tazama ukali wa michongo: anayeghushi mara nyingi hutengeneza kalibu kutokana na kisanamu halisi, na plastiki ikipoa hunywea, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo, kingo zake zimefifia na maandishi ya hakimiliki yamefutika au hayapo. Ukiwa na kile cha asili, viweke viwili bega kwa bega. Tofauti ya kimo utaiona.

“Ukipima uzito wa mfuko utakipata kile cha nadra”

Visanamu vingi siku hizi huuzwa ndani ya mfuko au kisanduku kisichoonyesha kilichomo. Uzito unaweza kutofautisha mhusika mnene na mwembamba. Lakini cha nadra kwa kawaida hutoka kwenye kalibu ileile ya kile cha kawaida, tofauti ikiwa rangi tu. Takara, kwa mfano, ilitoa visanamu vya Super Collection Figure vyenye rangi kamili, na vingine vya kijivu cha chuma vyenye umbo lilelile. Mizani haioni rangi.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye hesabu. Tuseme mfululizo una visanamu 12, na kila kimoja kina nafasi sawa ya kutokea. Wengi hudhani mifuko 15 au 20 itatosha. Nusu ya kwanza huja upesi kweli: kwa wastani mifuko 8 hivi inakupa visanamu 6 tofauti. Kuanzia hapo mambo hukaza. Kile cha mwisho peke yake kinadai mifuko 12 kwa wastani, na mfululizo mzima unadai takriban 37. Hapo bado hatujagusa kile ambacho kiwanda kimekusudia kiwe adimu.

Ushauri wangu ni huu: ungana na wenzako mnunue katoni ambayo haijafunguliwa, kwa kuwa viwanda vingi hupanga katoni kwa uwiano maalumu, kisha mgawane. La sivyo, subiri watu wafungue, ununue unachokitaka kikiwa wazi. Bei yake itakuwa juu ya mfuko mmoja, lakini chini sana ya mifuko 20 ya kubahatisha.

“Kikinata kimeoza, na kikikaa ndani ya sanduku hakizeeki”

Visanamu hivi kwa kawaida ni vya PVC, aina ya plastiki. PVC tupu ni ngumu. Hulainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo, miaka ikipita na hasa penye joto, hutoka taratibu na kukaa juu ya ngozi ya plastiki. Ule unato si ukungu wala uozo. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo na brashi ya nyuzi laini, kisha kausha vizuri. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, usiisogeze karibu kamwe, maana hula rangi na plastiki yenyewe. Usikiache pia kisanamu laini kikigusana kwa miaka na plastiki ngumu, kwa sababu vilainishi hivyo huhamia upande wa pili na kuyeyusha sehemu ilipogusana.

Upanga uliopinda si sababu ya kukitupa. Utumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka mpaka ulainike, unyooshe, kisha uutie kwenye maji baridi ushike umbo.

Kuhusu sanduku, linazuia vumbi na mwanga, na hilo ni jambo kubwa. Lakini plastiki ina kemia yake. Nyeupe inaweza kugeuka manjano hata gizani. Wapo wanaoing'arisha kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga wa jua, ila mara nyingi manjano hurudi. Mfano unaouma zaidi ni ile plastiki ya dhahabu yenye chembe za kung'aa iliyotumika mwishoni mwa miaka ya 1980, kama kwenye roboti ya Black Zarak ya mwaka 1988. Hukauka kutoka ndani na kumeguka inapoguswa, hata ile ambayo haijawahi kutolewa kwenye sanduku.

“Ni vya watoto tu” na “kila cha zamani ni mali”

Soma umri ulioandikwa kwenye pakiti. Vingi haviruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 3 kwa sababu ya vipande vinavyoweza kumkaba, na baadhi ya safu za Japani zimeandikwa miaka 15 na kuendelea, maana zilikusudiwa watu wazima.

Kuhusu mali, umri peke yake haupandishi bei. Kinachoipandisha ni uchache, hali ya kitu, na idadi ya wanaokitaka. Decoys ni za mwaka 1987, lakini zilitolewa nyingi mno kama nyongeza ya bure, na nyingi bado zipo. Kisha kampuni ikiamua kurudia kalibu ya zamani, aliyehitaji umbo tu hununua toleo jipya, na bei ya lile la kwanza ikashuka kwa kila mtu isipokuwa anayetafuta la kwanza hasa. Nunua mhusika unayempenda, kwa bei ambayo hutaijutia hata asipopata mnunuzi mwingine.