Makapi ya karoti weka kwenye mtindi, mchicha acha

Ukipita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya kwa wale wanaokamua juisi utaona ndoo chini ya mashine, makapi ya karoti yanadondokea humo na rangi yake bado ile ile ya chungwa, afu jioni yote yanaenda kwa nguruwe au jalalani. Mi kazi yangu ni teknolojia ya chakula na kila nikiona ile ndoo roho inaniuma, maana ile rangi ndo beta-karotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo juisi inaondoka na sehemu tu, nyingine inabaki kwenye makapi pamoja na nyuzinyuzi karibu zote.

Hayo makapi mi nayaweka kwenye maziwa ya mtindi. Kwa nini maziwa sasa? Kwa sababu beta-karotini inataka mafuta ndo mwili uifyonze. Kuna hii tabia ya kuengua krimu yote ya kutengenezea siagi, halafu mtindi unaobaki anapewa mtoto, na krimu ikitoka vitamini A nayo imetoka, hapo ndo karoti inaziba pengo. Lakini usiweke karoti kwenye maziwa yaliyoenguliwa mpaka mwisho, hapo unajichosha bure, acha mafuta kidogo.

Mi nafanya hivi. Makapi yawe ya leo leo, yakilala yanachacha. Nayapitisha kwenye mvuke dakika kama tatu, nayakausha kwenye kikaushio cha jua nimefunika kitambaa cheusi maana mwanga unaua ile rangi, yakishakuwa yanavunjika vidoleni kama majani ya chai nasaga na kuchekecha. Hapo kwenye kuchekecha jamani tulieni. Mara ya kwanza nilitumia chekeche la unga wa ugali, mtindi ukawa unakwaruza ulimi kama una mchanga, jirani yangu mama mmoja akaonja funda moja akanirudishia kikombe kimya kimya. Sa hivi natumia kitambaa chepesi.

Unga gramu 10 kwa lita ya maziwa, na unaingia KABLA ya kuchemsha, siyo baada, kwa sababu kitu kilichokaushwa juani kina vimelea na ukungu wake. Nyuzi joto 85 kwa dakika 30, poza mpaka 43, weka mbegu ya mtindi, funika na blanketi (mwezi wa saba huku Uyole bila blanketi hakigandi kitu). Na zile nyuzinyuzi zinashika maji, hivyo yale majimaji yanayojitenga juu yanapungua.

Wengi wananiuliza mbona nisitumie mabua ya mchicha na spinachi, si yana madini ya chuma? Yanayo, ila kalsiamu ya maziwa inazuia mwili kufyonza chuma, na oksaleti, kemikali ya asili ya kwenye hizo mboga, nayo inaikamata kalsiamu, yani vinaharibiana vyote viwili. Mchicha kula na ugali, kamulia ndimu. Maganda ya viazi mviringo yenye ukijani ndo usiguse kabisa, yana solanini, ni sumu na kuchemsha hakuiondoi.

Halafu dawa za shambani. Ganda ndo linabeba nyingi, na kuosha kunapunguza tu, hakumalizi. Kwa hiyo karoti za kazi hii nazichukua kwa mkulima ninayemfahamu, namuuliza amepiga dawa gani na lini, akisita kunijibu siku hiyo nakamua juisi ya kunywa wakubwa baada ya kumenya na maganda nayatupa.