"Mshika mawili" haimhusu mtoto wa miaka 11

Mzazi akiambiwa ampumzishe kijana wake mpira miezi miwili aingie kikapu au kuogelea, jibu ni lile lile: mshika mawili moja humponyoka. Akiacha sasa atapitwa, wenzake watasajiliwa. Na mtoto amekaa pale, miaka 11, kakunja suruali juu ya goti lililovimba. Methali ni nzuri, lakini hapa imewekwa pasipo pake, na inaumiza watoto.

Chukueni kalamu mhesabu wiki yake. Timu ya skuli siku 3, saa moja na nusu kila siku: saa 4.5. Timu ya mtaa siku 4, saa 2 kila jioni: saa 8. Mechi ya Jumapili pamoja na kupasha moto: saa 2. Jumla saa 14.5. Kipimo tunachotumia ni kwamba saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, apate siku 1 au 2 za kupumzika kabisa, na mchezo mmoja usizidi miezi 8 kwa mwaka. Huyu wa miaka 11 amepita kwa saa 3.5, hana hata siku moja tupu, na mwaka mzima anarudia mambo matatu: kukimbia, kusimama ghafla na kupiga kwa mguu wa kulia.

Goti linavyoharibika ni hivi. Wakati wa kurefuka kwa kasi, kwa wasichana kama miaka 11 hadi 13 na wavulana 13 hadi 15, mfupa hutangulia na msuli hubaki nyuma. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unavuta pia ya goti, pia hiyo inavuta kano, na kano imejishikiza kwenye kinundu cha juu ya muundi ambacho bado ni gegedu. Kila shuti ni mvuto mmoja. Bonyeza kwa kidole gumba vidole viwili chini ya pia: mtoto akiruka kwa maumivu, mara nyingi ni Osgood-Schlatter, yaani kinundu hicho kimeumia kwa kuvutwavutwa na kano. Kisigino nacho kina shida ya aina hiyo. Kibane kwa viganja pande zote mbili. Akilalamika, angalia njumu zake. Meno marefu kwenye uwanja mkavu wa mawe hugongesha kisigino kila hatua.

Dawa si kumlaza kitandani. Punguza mbio na mashuti hadi aweze kucheza bila kuchechemea, barafu iliyofungwa kitambaa dakika 10 hadi 15, anyooshe misuli ya paja na shavu la mguu sekunde 30 mara 3 kila siku. Na abadilishe mchezo! Kuogelea kunampa pumzi bila kulivuta goti kwa nguvu ile, ilimradi mtu mzima anayejua kuogelea awepo.

Kuhusu kupitwa: Hakeem Olajuwon alikuwa golikipa na mchezaji wa mpira wa mikono huko Lagos kabla ya kugusa kikapu. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na wapenzi wa kikapu bado wanausifu wepesi wa miguu yake. Zile saa 10,000 za mazoezi mnazosikia kuwa ndizo zinamfanya mtu bingwa zilitoka kwenye utafiti wa 1993 wa wapiga fidla wa Berlin. Hakukuwa na beki hata mmoja ndani yake. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kuchagua mchezo mmoja kusubiri hadi miaka 15 au 16. Sarakasi za viungo zina kalenda yake, kwa sababu wachezaji wake hufika kileleni mapema. Mpira wa miguu haumo humo.

Kwangu mimi, kila mchezaji mdogo wa mpira angepitia judo walau miezi mitatu. Atajifunza kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uwe mviringo, viganja vipige mkeka karibu na mwili. Asiyejua hilo huanguka kwa mkono ulionyooka, na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika. Kikapu humfundisha beki kumfuata mtu kwa miguu badala ya kumrukia. Hata nage, ule mchezo wa kukwepa mpira mnaouona wa kike tu, inafundisha kukwepa na kugeuka papo hapo.

"Michezo mingi itamchosha." Itamchosha ukiirundika. Ipangeni kwa misimu: mpira Juni hadi Novemba, kaskazi ikiingia Disemba aogelee au acheze mpira wa mikono, masika viwanja vikijaa maji aingie ukumbini. Ramadhani mpunguzieni mzigo, popote itakapoangukia.

"Msichana netiboli inamtosha." Sheria ya netiboli inamlazimisha kusimama mara tu anaponasa mpira, na mshtuko mwingi unaingia gotini. Mfundisheni kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yasiingie ndani, mara 10 kabla ya kila mazoezi.

"Mazoezi ya nguvu yanadumaza." Hayadumazi. Aanze na uzito wa mwili wake, kwa usimamizi.

"Ni maumivu ya kukua tu." Hayo huja usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia. Yakiwa mguu mmoja, au yakitokea uwanjani, yana sababu nyingine. Na kijana wa miaka 10 hadi 15 anayechechemea, analalamikia goti lakini ukilibonyeza haumii, huenda shida iko kwenye nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka mahali pake. Asiukanyage mguu huo. Abebwe hospitali siku hiyo hiyo, na apigwe picha ya eksirei ya nyonga zote mbili, si ya goti peke yake.