Vigeu vinavyotenda pale unapoviandikia

Wengi tulifundishwa kwamba katika programu za kompyuta kigeu (variable) ni kopo: unaweka kitu, baadaye unakikuta kilevile. Kwa vigeu maalumu, somo hilo hukupotosha. Hizi hapa dhana nne potofu, kila moja na ukweli wake.

Dhana: Kukipa kigeu thamani ambayo tayari kinayo ni kazi bure.

Katika Awk, lugha ya programu iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1977, wageni hufuta `$1 = $1` (`$1` ni sehemu ya kwanza ya mstari) wakidhani ni takataka. Chukua mstari huu: `Asha:Tanga:27`. Weka nuktapacha kuwa kitenganishi cha kusomea (FS) na mkato kuwa cha kuandikia (OFS), kisha chapisha. Nuktapacha zinabaki palepale! Sasa tanguliza `$1 = $1`, uchapishe tena: `Asha,Tanga,27`. Ukigusa sehemu moja tu, Awk huunga upya mstari mzima, na katika kuuunga ndipo OFS inapotumika. Tafadhali, ukiandika mstari huo, weka maelezo kando yake; atakayerithi skripti yako ataufuta kwa nia njema kabisa.

Dhana: SECONDS na RANDOM za Bash ni za kusoma tu.

Bash ni programu inayopokea amri unazoiandikia kompyuta; SECONDS yake huhesabu sekunde, na RANDOM hutoa namba za kubahatisha. Andika `SECONDS=0`, subiri kwa `sleep 5`, kisha isome: utapata 5, kwa sababu umeanzisha upya saa. Ukiandika `RANDOM=42` hupati 42 ukisoma. Umepanda mbegu, yaani namba ya kuanzia, na mbegu hiyohiyo italeta mfuatano uleule kila mara, jambo linalosaidia sana kwenye majaribio. Ila ukizifuta kwa `unset`, uhai wao umekwisha. Hata ukiziandika upya, ni vigeu vya kawaida.

Dhana: `$| = 1` ya lugha ya Perl huondoa bafa (hifadhi ya muda ya maandishi yanayosubiri kutolewa) kwenye mafaili yote.

Bafa halijaenda popote. Linamwagwa tu kila baada ya kuandika. Tena ni la mkondo mmoja, ule uliochaguliwa kwa `select`, ambao kwa kawaida ni STDOUT, mkondo wa kawaida wa matokeo. Faili lako la logi litaendelea kuchelewa kama zamani.

Dhana: Kuandika `document.cookie` ya JavaScript hufuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari) vya awali.

Hiki ndicho naona kinadanganya kuliko vyote. Andika `"a=1"`, halafu `"b=2"`, na ukisoma utakuta `a=1; b=2`. Alama ya usawa hapo inaongeza. Kukifuta kidakuzi, unakiandika tena kwa jina na njia (path) ileile, ukikipa tarehe ya kuisha iliyokwisha kupita.