Shule ya lugha mbili: kiti ni cha nani?

Nchini Marekani, jina "shule ya lugha mbili" limebeba mambo mawili tofauti, na mabishano mengi huanzia hapo. La kwanza ni mpango wa kuvusha: mtoto anayezungumza Kihispania nyumbani hufundishwa kwa Kihispania miaka miwili mitatu, na Kiingereza chake kikishakomaa anahamishiwa huko moja kwa moja. Lugha ya mama imekuwa mtumbwi tu. Ukifika ng'ambo unaachwa. La pili, ambalo ndilo hasa tunalolieleza hapa, ni mpango wa pande mbili. Watoto wa Kihispania na watoto wa Kiingereza hukaa darasa moja, husoma hesabu na sayansi kwa lugha zote mbili, na hakuna anayeachishwa ya kwake. Shule nyingine hugawa muda nusu kwa nusu tangu mwanzo. Nyingine huanza chekechea kwa asilimia 90 ya Kihispania, kisha Kiingereza huongezwa mwaka hadi mwaka mpaka mizani ilingane.

Mpango huo wa pili unasimama kwa idadi ya watoto. Mwalimu peke yake hatoshi kuwa kisima cha lugha. Watoto hufundishana wakiwa kwenye bembea, wakigombania mpira, wakinong'onezana mwalimu akigeuka. Ndiyo maana shule hulenga nusu ya watoto watoke kila upande, na kanuni iliyozoeleka ni kwamba upande wowote usishuke chini ya theluthi moja.

Zamani idadi hiyo ilijipata yenyewe. Shule ya Coral Way ya Miami, iliyoanza mpango wake mwaka 1963, ilikuwa katika mji uliopokea maelfu ya Wakuba waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1959. Wengi wao waliamini watarudi nyumbani karibuni, hivyo hawakutaka watoto wasahau Kihispania. Shule ya Oyster mjini Washington ilifuata mwaka 1971. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani ataingia: ulikuwa unaishi jirani, unamwandikisha mtoto, basi.

Halafu wakazi wakabadilika. Miji mingi ya Marekani imeona mitaa ya wahamiaji ikigeuka kimbilio la watu wenye kipato kikubwa, kodi ya nyumba ikipanda, na familia zilizokuwepo zikisogea pembezoni. Shule yenyewe haina mikono safi katika hili. Mpango ukisifika, nyumba zilizo ndani ya mpaka wake wa uandikishaji hupanda thamani, na mzazi mwenye fedha hununua nyumba ili apate kiti. Kihispania kilichomleta mtoto wa mhamiaji shuleni ndicho kinachochangia kumhamisha mtaani.

Tuchukue darasa la viti 24: 12 vya Kihispania, 12 vya Kiingereza. Wameomba watoto 40 wa Kiingereza na 6 wa Kihispania. Mkuu wa shule akiacha viti 6 wazi, wilaya itamuuliza kwa nini. Akivijaza kwa watoto wa Kiingereza, wale wa Kihispania watabaki robo, na mchezo wote uwanjani utakuwa kwa Kiingereza. Na mtoto aliyezaliwa Marekani, anayezungumza Kihispania na bibi na Kiingereza na kaka zake, ahesabiwe wapi? Shule nyingi humpima kabla ya kumpokea. Jibu la kipimo hicho linaweza kumnyima kiti kilichowekwa kwa ajili ya watu wa kwao.

Penye kugawa viti kwa bahati nasibu badala ya mpaka wa uandikishaji, mlango unaonekana wazi kwa wote, lakini fomu hujazwa miezi kadhaa kabla ya muhula. Anayejua tarehe ni yule mwenye muda wa kuzunguka shule na kuuliza. Familia iliyowasili nchini mwezi Agosti inakuta orodha ya kusubiri. Wadogo wa wanafunzi waliopo mara nyingi hupewa kipaumbele, kwa hiyo sura ya darasa ikishabadilika, mabadiliko hayo hujizalisha yenyewe. Tena basi la shule lisipofika kule familia zilikohamia, kiti walichopata ni cha karatasini.

Mwaka 1997 msomi Guadalupe Valdés alitahadharisha kuhusu mipango hii: Kihispania cha watoto wahamiaji kinaweza kugeuka mtaji wa wenzao wa Kiingereza, huku wao wenyewe wakifaidi kidogo. Mwaka uliofuata wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 227 lililobana ufundishaji wa lugha mbili, na halikufutwa hadi 2016. Siku hizi upepo umegeuka, lugha mbili ni sifa ya kujivunia. Kwa maoni yangu hatari imehama tu: jana mpango ulipigwa vita, leo unagombaniwa.

Dawa zinazojaribiwa ni za kawaida: kutenga viti kwa lugha ya nyumbani, kumruhusu mtoto aliyehama mtaa abaki shuleni, kufungua madarasa mapya kule wahamiaji walikosogea. Hata hivyo viti vikitengwa, neno "Kihispania" lenyewe lina mitego. Baadhi ya watoto kutoka Guatemala huzungumza Kimam nyumbani, lugha ya Kimaya. Kwenye fomu wanaweza kuandikwa upande wa Kihispania, na darasani wakawa wanajifunza lugha mbili ngeni kwa mpigo.