Reli ya Kusini: ilijengwa kwa karanga, ikang'olewa kabla ya korosho

Wanafunzi wa Mtwara na Lindi tunaowapokea hubisha wakiambiwa kuwa treni ilishawahi kupita Nachingwea. Reli wanayoijua ni ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, au TAZARA.

Yetu ililetwa na karanga. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mashamba makubwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa na Urambo hazikuwa mbali na Reli ya Kati; Nachingwea haikuwa na chochote. Ikatandikwa reli kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, huku Mtwara ikichimbiwa gati la kina kirefu, lililofunguliwa mwaka 1954. Kufikia hapo mradi wenyewe ulikuwa umeshavunjwa, tangu 1951. Yaani bandari na reli vilikamilika, mzigo haupo!

Kiutawala, njia hii ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 na makao yake Nairobi. Kwenye ramani, hata hivyo, ilikuwa kisiwa. Haikuungana na reli nyingine yoyote, kwa hiyo behewa lililokosa kazi Nachingwea halikuweza kuvutwa likafanye kazi Tabora au Tanga. Lilisubiri msimu palepale, na gharama zake zikiendelea. Tawi la Masasi liliongezwa 1958, lakini halikutosha kuiokoa. Mwaka 1962 njia ilifungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Kwa maoni yangu, kufunga kulieleweka. Kung'oa ndiko kulikokuwa na haraka. Miaka kumi na kitu baadaye, msimu wa 1973/74, korosho ya Tanzania ilifikia tani 145,000 hivi, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Ilibebwa na malori.

Sasa kuna mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, takriban kilomita 1,000, yenye matawi ya Mchuchuma, kwenye makaa ya mawe, na Liganga, kwenye chuma. Makaa ya mawe ya Ruvuma tayari yanashuka bandarini kwa malori, kwa hiyo mzigo wa kuja upo. Wataalamu wanapokuja kwenye mikutano ya wananchi, waulizwe treni itapanda bara na nini: saruji, mbolea, mafuta? Na korosho ikiisha ghalani, mabehewa yake yatafanya kazi gani hadi msimu ujao?